Maji ya Injini ya Boti: Soma Dalili Kabla Mashine Haijazimika Baharini

Katika Kaunti ya Lamu, boti ndiyo matatu, ndiyo lori, na mara nyingi ndiyo ambulansi. Mgonjwa anayetolewa Faza kupelekwa Hospitali ya King Fahd mjini Lamu hupita baharini. Kwa hivyo injini inayochemka katikati ya safari si hasara ya mwenye boti peke yake. Msimu wa kusi, boti iliyozimika karibu na mwamba haina muda mrefu wa kusubiri msaada.

Habari njema ni kwamba mara nyingi injini hutoa dalili mapema.

Maji yanavyopita

Injini ya boti inayofungwa nyuma haina rejeta kama gari. Huvuta maji ya bahari kupitia matundu yaliyo chini, karibu na propela. Pampu yenye gurudumu la mpira, ambalo mafundi huliita impela, huyasukuma juu kwenye silinda. Themostati huyazuia mpaka injini ipate joto linalofaa, kisha hufunguka. Maji mengi hutoka chini pamoja na moshi. Machache huruka nje kupitia kitundu kidogo, na hayo ndiyo tunayoyaona.

Maji hayo yanayoruka huonyesha kuwa pampu inasukuma. Hayathibitishi kuwa maji yamefika kila mahali ndani ya injini. Hapo ndipo geji ya presha inaposaidia, kwa boti zilizo nayo. Hakuna namba moja inayofaa injini zote. Presha huwa ndogo mashine ikinguruma polepole, na hupanda ukiongeza mwendo. Injini yako ikiwa nzima, andika geji inasoma ngapi kwa mwendo mdogo, wa kati na wa kasi. Karatasi hiyo ndiyo kipimo chako.

Tazama geji na maji kwa pamoja

- Maji yanaruka kidogo, presha ni ya kawaida na injini haijachemka: huenda kitundu kimeziba kwa chumvi au mchanga. Zima injini, ukizibue kwa kipande cha mshipi wa nailoni.
- Maji ni machache na presha imeshuka: inua injini uangalie mfuko wa plastiki, mwani au tope kwenye matundu ya chini, hasa ukipita Mkanda maji yakiwa yamekupwa. Matundu yakiwa safi, shuku impela.
- Presha imepanda kuliko kawaida na injini inachemka: mara nyingi njia imeziba juu. Themostati imekwama, au chumvi imeganda ndani.
- Presha inapanda na kushuka, hasa kwenye kona au mawimbi: huenda pampu inavuta hewa. Angalia kama injini imefungwa juu mno.
- Geji inasoma sufuri, lakini maji yanaruka kwa nguvu na injini haichemki: kagua kijipaipu cha geji. Huenda kimeziba au kimejikunja.

Makosa ya kuepuka

Usiwashe injini nchi kavu bila maji, hata kwa sekunde chache, kwani impela huungua. Ukibadilisha impela iliyokatika, tafuta kila kipande cha mpira. Kinachobaki ndani huziba njia. Usitoe themostati ukadhani umetibu ugonjwa: injini itafanya kazi ikiwa baridi mno, itachafua plagi na kula mafuta zaidi. Ipime kwenye sufuria ya maji moto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na joto lililoandikwa juu yake.

Baada ya kazi, suuza injini kwa maji matamu. Kama huna mfereji karibu, tumia pipa lililojaa mpaka matundu yazame, gia ikiwa huru.

Honi ya onyo ikilia safarini

Punguza mwendo mara moja na utazame maji yanayoruka. Yakiwa yamekatika, zima injini, na utie nanga kama uko karibu na mwamba. Safisha matundu ya chini, kisha iache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi, kwani chuma chenye moto kinaweza kupasuka. Ukishindwa, piga simu ya dharura 999 au 112 mapema, kabla boti haijasukumwa mbali.

Nawe abiria

Kabla boti haijaondoka gatini, vaa jaketi la kuokoa maisha, kisha tazama nyuma ya injini. Usipoona maji yakiruka, mwambie nahodha. Ni afadhali kuchelewa nusu saa Mokowe kuliko kuzimikiwa na mashine njiani.