Sauti inapasuka volyumu ikiwa chini? Usikimbilie kununua spika

Uko sebuleni unasikiliza Redio Kwizera, volyumu nusu, sauti safi kabisa. Mgeni anaomba muziki. Unahamia kwenye deki bila kugusa volyumu, na ghafla spika zinakwaruza mpaka jirani anachungulia.

Wengi hapo husema spika imekufa. Mara nyingi spika ni nzima. Shida ni vyombo viwili visivyoelewana: priamplifaya na pawa amplifaya.

Nani anafanya nini?

Priamplifaya ndiyo sehemu yenye kitufe cha volyumu. Inapokea sauti kutoka redio, simu au deki na kuiandaa. Pawa amplifaya inaichukua na kuipa nguvu ya kusukuma spika.

Ndani ya waya, sauti ni umeme mdogo tu. Deki nyingi za CD hutoa mpaka volti 2. Simu kwenye tundu la earphone mara nyingi hutoa volti 1 au chini yake. Ndiyo maana ukibadilisha chombo, sauti inaruka.

Fikiria umeme wa Rusumo, kule Ngara. Unasafiri mpaka Nyakanazi, Biharamulo, kwa kilovolti 220. Hakuna anayechomeka redio hapo! Unapunguzwa kwanza mpaka volti 230 za nyumbani. Amplifaya nayo inataka volti za saizi yake.

Hesabu yake hii hapa

Tuseme amplifaya yako ni wati 100 na spika ni ya ohm 8.

• 100 × 8 = 800. Kipeuo chake cha pili ni kama 28. Hizo ndizo volti zinazokwenda kwenye spika amplifaya ikifika mwisho wa nguvu zake.
• Kama inakuza mara 20, gawanya 28 kwa 20. Unapata volti 1.4.

Yaani volti 1.4 zikiingia, amplifaya imemaliza. Deki ya volti 2 imeshapita hapo, hata kabla priamplifaya haijaongeza kitu.

Kwa hiyo volyumu kuwa robo haimaanishi amplifaya inatumia robo ya nguvu zake. Inaweza kuwa imeshafika mwisho.

Hasara iko wapi?

Amplifaya ikizidiwa, mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa. Hapo ndipo unasikia mkwaruzo, na spika inapelekewa nguvu kuliko kawaida. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo huungua kwanza.

Kinyume chake pia kipo. Priamplifaya ikiwa dhaifu na amplifaya inataka volti nyingi, utapandisha volyumu mpaka mwisho, sauti bado ndogo, halafu unasikia "shiii" nyuma ya muziki.

Fanya hivi

1. Soma kitabu cha amplifaya au maandishi ya nyuma yake. Tafuta maneno "input sensitivity". Namba iliyopo hapo ni volti zinazotosha kuifikisha mwisho.

2. Linganisha na volti za chombo unachounganisha.

3. Kama pawa amplifaya ina kitufe chake, kishushe kabisa. Weka volyumu ya priamplifaya katikati, piga wimbo wenye kishindo, kisha pandisha kitufe cha pawa taratibu. Sauti ikitosha, acha. Ikianza kukwaruza, rudi nyuma kidogo.

4. Kama haina kitufe, mwambie fundi akuwekee rezista mbili kwa kila upande wa sauti, kushoto na kulia: ya kilo-ohm 6.8 kwenye njia ya sauti, na ya kilo-ohm 3.3 kutoka hapo kwenda ethi. Volti zinabaki kama theluthi. Deki ya volti 2 sasa inatoa kama 0.7.

5. Kabla ya kubadilisha chombo, shusha volyumu kwanza. Hii haina gharama.

Kumbuka: kushusha kitufe cha pawa hakupunguzi wati za amplifaya. Kunabadilisha tu volti inazohitaji ili ifike mwisho.

Kwa hiyo uwe Kabanga, Rulenge au Nyakahura, kabla hujatoa hela ya spika mpya, mwulize fundi swali moja: amplifaya hii inataka volti ngapi?