Sinema Ikija Shambani



Karafuu huchumwa mchana na kuchambuliwa usiku. Ajuaye kazi hii anajua kuwa saa moja ya usiku ni mali. Basi twauliza: sinema ikiletwa shambani, ina faida gani kwetu?

Jambo lenyewe si geni. Baina ya 1935 na 1937 Waingereza walitengeneza filamu huko Vugiri, milima ya Usambara, wakazitembeza kwa lori Tanganyika na nchi jirani. Zilifundisha kilimo na afya. Mkulima alikaa, akatizama, akaambiwa la kufanya. Kisha lori likaondoka.

Mwaka 1998 Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lijulikanalo pia kama Tamasha la Nchi za Jahazi, lilifanyika kwa mara ya kwanza. Kitovu chake kilikuwa Ngome Kongwe, mjini. Lakini tamasha hilo limepata pia kupeleka filamu vijijini, Unguja na Pemba, na kina mama wakawa na vikao vyao vya kutizama na kujadiliana. Hapo ndipo penye faida: picha ikimalizika, wenyeji nao waseme.

Mambo yasipopangwa vizuri, hasara ni yetu. Usiku mmoja kwetu kitambaa cheupe kilitundikwa uwanja wa skuli, na picha ikasema lugha ya kigeni mwanzo hadi mwisho, bila ya mkalimani. Watoto walicheka, wazee waliondoka. Kina mama hawakufika kabisa, kwa kuwa karafuu za siku ile zilikuwa bado kuchambuliwa.

Kwa hiyo twashauri kila tawi litakaloombwa uwanja litake mambo matatu. Kwanza, siku ipangwe pamoja nasi, isigongane na kilele cha mavuno. Pili, pawepo mkalimani, na baada ya picha pawe na mazungumzo ambayo kina mama watapewa nafasi yao. Tatu, vijana wetu wafundishwe kushika kamera, ili ujuzi wa wazee, wa kupanda mkarafuu bila ya kuvunja tawi na kuanika bila ya kuharibu rangi, usizikwe nao.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sinema ni mgeni. Tuikaribishe, lakini nasi tupone.