Mashine ya Mtumbwi Ikizima, Tufuate Njia ya Mafuta

Wengi wetu tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tunategemea mashine za mitumbwi. Tunazitumia kuvua, kuvuka na kubeba mizigo. Nyingi ni za zamani, zile zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Zimepita mikono ya watu wengi. Zikitunzwa zinafanya kazi bado.

Lakini mashine ikizima katikati ya ziwa, hasara ni kubwa. Samaki wanaoza. Upepo ukivuma, mawimbi yanaweza kupindua mtumbwi, na watu wakafa.

Mashine inapozima utasikia mtu anasema, "Kabureta hiyo! Leta spana!" Tusiharakishe. Kabureta ina vitu vidogo sana. Kimoja kikidondoka majini, basi, hakipatikani. Tena mara nyingi ubaya hauko kwenye kabureta. Uko kwenye mafuta, kwenye tangi au kwenye mpira. Kwa hiyo tufuate njia ya mafuta, tangu tangi mpaka kabureta, bila kuruka.

1. Tuangalie mafuta

Chukua chupa safi ya kioo. Tia mafuta kidogo yaliyotoka chini kabisa ya tangi. Acha yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na petroli itakaa juu. Ukiona mstari katikati, ujue maji yameingia. Mwaga mafuta hayo kwenye dumu, safisha tangi, utie mafuta mazuri.

Petroli nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Kabla ya kutia oili, dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi inakauka upesi. Mafuta ya taa yanachelewa kukauka na yanaacha doa la mafuta.

Petroli iliyokaa miezi mingi nayo haifai. Inaacha utomvu unaonata ndani ya kabureta.

2. Tupime oili

Oili ndiyo inayolainisha pistoni. Tusome kitabu cha mashine, au maandishi yaliyo kwenye mashine yenyewe. Mashine nyingi zinataka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Nyingine za zamani zaidi zinataka sehemu 25 kwa 1. Hapo lita 20 zinataka mililita 800. Tusikisie kwa macho. Tutumie chombo chenye alama za kupimia.

Oili ikizidi, moshi unakuwa mwingi na plagi inachafuka. Oili ikipungua, pistoni inakwama na mashine inanoki.

3. Tangi na mpira

Juu ya kifuniko cha tangi kuna skrubu ya kupitisha hewa. Ifungue. Ikifungwa, mashine inakwenda kidogo halafu inazima, kwa sababu hewa haiingii kujaza nafasi ya mafuta yaliyotoka.

Kisha tazama pampu ya mkono, ile ya mpira inayofanana na yai. Mshale wake uelekee kwenye mashine. Ibonye mara kadhaa.

– Ikiwa ngumu, mafuta yamefika.
– Ikibaki laini, mafuta yamekwisha, au hewa inaingia mahali fulani. Tazama kama mpira umepasuka au viungo vimelegea. Kama vyote ni vizima, pampu hiyo imekufa.
– Ikinywea yenyewe mashine ikiwa inakwenda, kuna kizuizi upande wa tangi.

Kuna jaribio lingine. Mashine ikitaka kuzima, mwenzako abonye pampu ya mkono. Ikipata nguvu tena, huenda pampu ndogo iliyo kwenye mashine imechoka, au hewa inaingia kwenye mpira. Safisha pia chujio.

4. Tufungue plagi

Baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, fungua plagi. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika. Pengine yamezidi, au plagi haitoi moto. Ifute, rudisha choki, ungoje kidogo kabla ya kuvuta tena.

5. Sasa kabureta

Kazi hii tuifanye nchi kavu, juu ya kitambaa cheupe, ili kitu kidogo kisipotee. Kwanza fungua skrubu iliyo chini ya kibakuli cha kabureta, ukinge mafuta kwa chupa. Ukiona maji au uchafu, pengine umeupata ugonjwa.

Petroli ikimwagika nje ya kabureta, tazama boya na sindano yake. Uchafu ukikwamisha sindano, mafuta hayazuiliki. Boya likitoboka na kujaa mafuta, halielei tena.

Mashine ikienda polepole vizuri lakini inakufa ukiongeza mwendo, tazama jeti kubwa. Ikienda kasi vizuri lakini inazima ukipunguza, tazama jeti ya mwendo mdogo. Jeti ni skrubu ndogo ya shaba yenye tundu. Ioshe kwa petroli safi, kisha ipulize kwa pampu ya baiskeli. Tusiingize waya, maana tundu likipanuka kipimo cha mafuta kinaharibika.

Tusilazimishe mashine yenye njaa

Hili tulishike sana. Katika mashine hizi, oili inaingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua. Mtu anayevuta choki ili mashine yenye njaa ifike nyumbani kwa kasi anaweza kuua pistoni. Skrubu ya hewa inafunguliwa bila gharama yoyote. Pistoni inaweza kula mapato ya msimu mzima. Punguza mwendo, simama, utafute ubaya.

Tujihadhari na moto

Asiwepo mwenye sigara wala taa ya moto karibu. Tusinyonye petroli kwa mdomo, maana ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Mafuta machafu tusiyamwage ziwani, kwa sababu maji hayo tunakunywa.

Ndugu wasomaji, kusoma na kuandika kunatufaa hapa pia. Kila dumu liandikwe: PETROLI TUPU, au PETROLI NA OILI, pamoja na tarehe ya kuchanganya. Katika daftari tuandike siku tuliyosafisha chujio na siku tuliyobadilisha plagi. Na kabla ya kuondoka ufukweni tuhesabu: makasia, maboya ya kuvaa, plagi ya akiba, spana. Kikikosekana kimoja, turudi nyumbani tukichukue.