Bega la Mpiga Smashi na Hofu ya Kulitumia Tena

Bega ndilo kiungo chenye uwezo wa kuelekea pande nyingi kuliko vyote mwilini, na kwa sababu hiyohiyo ni jepesi kuumia, kwani kichwa cha mfupa wa mkono hukaa katika kikombe chenye kina kifupi na hushikiliwa hasa na misuli minne midogo inayoanzia kwenye kombe la bega. Mchezaji wa mpira wa wavu, ambaye hupiga smashi juu ya wavu wenye kimo cha mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake, huilazimisha misuli hiyo kuuzuia mkono ulio katika kasi kubwa, tena mara nyingi katika mchezo mmoja.

Jeraha linapopona, huweza kubaki kinesiofobia, yaani hofu iliyopita kiasi ya kusogeza kiungo kwa kuamini kwamba kitaumia upya. Hofu hiyo hupimwa kwa dodoso la Tampa, lenye maswali 17 na alama kuanzia 17 hadi 68. Mwenye hofu hulikwepa bega lake, misuli isiyotumika hudhoofika, udhaifu huleta maumivu, nayo maumivu huikuza hofu.

Kwa hiyo mazoezi hupangwa kwa ngazi, kuanzia tendo ambalo mchezaji mwenyewe haliogopi sana. Kwanza hukaza misuli bila kusogeza kiungo, kwa mfano kwa kuusukuma ukuta kwa nje ya mkono huku kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Kisha huvuta mpira wa kunyumbuka akizungusha mkono kwa nje, na kupiga pushapu za ukutani ili kuimarisha misuli ya kombe la bega. Baadaye huinua mkono juu ya kichwa, hurusha mpira mwepesi, huiga smashi bila mpira, hupiga akiwa amesimama, na mwisho huruka na kupiga mbele ya wazuiaji.

Wataalamu wengi wa tiba ya viungo huruhusu maumivu yasiyozidi 3 katika kipimo cha 0 hadi 10, mradi yatulie kufikia kesho yake. Ganzi, bega linalochomoka au mkono usioinuka huhitaji daktari kwanza. Makocha nao wajiepushe kumwita mchezaji wa namna hii mwoga, kwa kuwa hofu yake ni sehemu ya jeraha na inastahili kutibiwa pamoja nalo.