Kuhifadhi Masasisho ya Kompyuta kwa Ajili ya Siku Isiyo na Mtandao

Mwananchi apelekaye kompyuta yake kwa fundi, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Iringa mjini, huirudisha nyumbani ikiwa imepigwa Windows upya na huamini kuwa kazi imekwisha. Mara nyingi bado. Nakala aliyotumia fundi huweza kuwa ya miaka kadhaa iliyopita, na matundu yote ya usalama yaliyozibwa tangu wakati huo huwa yamefunguka tena. Kuyaziba kwahitaji kupakua mafaili makubwa, yenye uwezo wa kumaliza bando la wiki nzima. Katika vijiji vya milimani, ambako mawimbi ya simu ni hafifu, upakuaji hukatika kabla ya kufika nusu.

Hatari yake si ya kufikirika. Tarehe 14 Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika tundu hilo, kikafunga mafaili katika nchi nyingi na kuvuruga hospitali za umma nchini Uingereza. Hakikumhitaji mtu abofye chochote. Kilihama chenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Wala mtandao wenyewe si wa kutegemewa kila siku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota nchini. Huku Nyanda za Juu Kusini tuko mbali na bahari, lakini sehemu kubwa ya mawasiliano yetu huanzia pwani.

Kwa hiyo ni busara kuhifadhi mapema. Andaa flashi mbili. Ya kwanza, yenye ukubwa usiopungua GB 8, iwe ya nakala ya kusakinishia Windows, iliyopakuliwa katika tovuti ya Microsoft yenyewe. Kumbuka kuwa kuiandaa hufuta kila kilichomo. Ya pili iwe ya masasisho, yapatikanayo bila malipo katika catalog.update.microsoft.com. Si lazima kukusanya ya miaka yote, kwa kuwa sasisho kuu la kila mwezi hubeba yaliyotangulia. Katika baadhi ya matoleo ya Windows 11, orodha huonyesha mafaili mawili kwa sasisho moja: pakua yote na uyaweke katika folda moja. Ili kujua toleo lako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika winver. Sasisho la toleo jingine litakataa kuingia.

Kinachosahaulika zaidi ni draiva ya mtandao. Kompyuta iliyosakinishwa upya huweza kushindwa kutambua Wi-Fi yake, na hapo mwenye nayo hukwama: ahitaji mtandao ili apate kitu cha kumpatia mtandao. Ipakue katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta na uiweke katika flashi ya pili. Wapo wanaonakili folda ya masasisho iliyomo ndani ya kompyuta. Hatushauri hivyo, kwani mfumo huisafisha wenyewe.

Siku ya kusakinisha, zima mtandao, weka Windows, weka sasisho, washa kompyuta upya, ndipo uunganishe.

Wenye Windows 10 wafahamu kuwa huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Sasisho la siku hiyo lafaa kuhifadhiwa, lakini haliwezi kuziba matundu yaliyogunduliwa baadaye.

Upakuaji mmoja watosha kompyuta zote zenye toleo moja. Shule, ofisi ya kata na steshenari ya jirani waweza kuchangia gharama, wakamtuma mtu mmoja mjini penye mtandao imara. Masasisho mapya hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Andika tarehe juu ya flashi, na uifanye upya angalau kila baada ya miezi mitatu.