Kirusi Kisicho na Miguu

Nguruwe akisusa pumba, masikio yakageuka zambarau, mfugaji wengi wetu tunayemjua humpigia simu mchinjaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Ada ya mtoto imo ndani ya banda lile, na mzoga hauna bei. Jioni hiyo hiyo nguruwe anachinjwa, nyama inakwenda kwenye kitimoto, damu inabaki majanini, matumbo yanagombaniwa na mbwa. Homa ya nguruwe ya Afrika imeshahamia kijiji cha pili.

Ugonjwa huu ni mwenyeji wa kwetu. Montgomery, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Kenya, aliueleza kisayansi mwaka 1921 baada ya nguruwe wa walowezi kuteketea. Porini kirusi chake huishi ndani ya ngiri bila kumuumiza, na papasi wa mashimoni mwa ngiri hukitunza kwa miaka. Nguruwe wa kufugwa hana bahati hiyo: aina kali huua karibu kila anayeambukizwa, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Binadamu hauugui.

Lakini binadamu ndiye mchukuzi wake mkuu. Mwaka 1957 kirusi kilitua Ureno, na inaaminika kilipitia makombo ya abiria wa ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa Lisbon. Mwaka 2007 kikaingia Georgia, na hapo pia yanayoshukiwa ni mabaki ya chakula kutoka melini. Mwaka 2018 kilikuwa China. Chumvi hakiogopi, moshi hakiogopi, na kwenye jokofu kinakaa miezi. Kinachokimaliza ni moto. Kwa hiyo makombo ya hotelini, kama hayana budi kutumika, yachemke nusu saa na zaidi huku yakikorogwa, ili hata kipande cha katikati kiive.

Kwa viatu vyenye kirusi, wengi hutegemea beseni la dawa ya kuua vijidudu mlangoni. Dawa iliyochanganyika na kinyesi haina nguvu. Matope yasuguliwe kwanza kwa sabuni na brashi, ndipo dawa ifuate. Mimi ningeanza na kitu rahisi zaidi: jozi ya mabuti ya mpira isiyotoka nje ya banda kamwe. Kila aingiaye aivae, dalali na anayeleta dume la kupandishia wakiwemo. Na bwana mifugo pia, tena yeye kuliko wote, kwa kuwa kazi yake ni kutoka kwa mgonjwa kwenda kwa mgonjwa. Akichoma sindano ile ile nguruwe wawili, damu ya wa kwanza imeingia kwa wa pili.

Chanjo iliruhusiwa kuuzwa Vietnam mwaka 2023, ila mfugaji wa kwetu bado anategemea usafi na ukweli. Ukweli ndio wenye gharama. Akimwita afisa mifugo, karantini inafunga soko, nguruwe wanafukiwa, na mara nyingi fidia hakuna. Tunamwomba abebe hasara peke yake ili majirani wapone. Lakini vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, tunavyo, na ndani yake mna mfuko wa jamii wa kumsaidia aliyefiwa. Wafugaji wa kijiji kimoja wanaweza kukubaliana kwamba anayetoa taarifa siku ya kwanza naye achangiwe humo, kabla hajaitafuta namba ya mchinjaji.