Kimondo cha Mbale chahifadhi siri ya mgongano wa kale

Alasiri ya tarehe 14 Agosti mwaka 1992, mvua ya mawe kutoka anga za juu iliuangukia mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda.

Jiwe kubwa kuliko yote lilikuwa na uzito wa kilo 27.4. Kijana mmoja aligongwa kichwani na kipande cha gramu 3.6, lakini jani la mgomba lilikuwa limekwisha kuipunguza kasi yake.

Baadhi ya wakaazi waliyasaga mawe hayo na kuyala, wakiamini kuwa yanatibu Ukimwi. Si jambo la kushangaza: wakati huo maradhi hayo hayakuwa na dawa madhubuti.

Jina la Mbale si geni hata Southall, magharibi mwa London, ambako walihamia baadhi ya Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Kisichojulikana na wengi ni habari iliyomo ndani ya mawe yenyewe.

Ganda jeusi la nje ni alama ya moto wa kupita katika hewa ya dunia. Moto huo huunguza juu juu tu. Ndani jiwe hubaki kama lilivyokuwa.

Huko ndani mna kumbukumbu ya kale zaidi. Vijipunje vya mviringo vilivyoliunda jiwe vimefifia mipaka, ishara kwamba zamani lilipikwa kwa joto la mamia ya nyuzi ndani ya asteroidi lilimotoka.

Kisha mna mishipa myeusi, myembamba, ya mwamba ulioyeyuka kwa kishindo asteroidi hiyo ilipogongwa. Katika mishipa hiyo, madini ya olivini hugeuka kuwa ringwudaiti, ambayo ndani ya dunia yetu hupatikana kwenye kina cha zaidi ya kilomita 500.

Hata hivyo, ringwudaiti iliyosalia katika mawe ya Mbale ni chembe tu. Mwaka 2017 Jinping Hu na Thomas Sharp wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, walieleza sababu: mgandamizo ulikwisha mapema, joto likabaki, na madini yakarejea kuwa olivini.

Lakini hayakurejea sawasawa. Yalipobadilika mara ya kwanza, chuma kilichomo kilijigawa upya, hapa kingi, pale kidogo, na mgawanyo huo haukufutika.

Kwa hiyo kimondo kisicho na madini ya mgandamizo mkubwa hakiwezi kuhukumiwa papo hapo kuwa kiligongwa kidogo. Huenda kiligongwa vikali mno, kikachelewa kupoa.